Kuendesha baiskeli katika baridi kali: mavazi, chombo na barabara za Minneapolis

Mtu anayetoka Mombasa, Mwanza au Bujumbura na kufika Minneapolis, jimboni Minnesota, Marekani, mwezi wa Novemba huambiwa mapema kwamba baiskeli ni chombo cha kiangazi, na kwamba kuanzia theluji ya kwanza hadi Aprili atalazimika kutegemea basi au gari la jirani. Ushauri huo hutolewa kwa nia njema, ila hali ilivyo ni tofauti. Wapo watu wanaokwenda kazini, chuoni na dukani kwa baiskeli Januari nzima, na mwaka 2016 jiji hili lilikuwa mwenyeji wa kongamano la kimataifa la waendesha baiskeli wa majira ya baridi, kongamano ambalo lilifanyika kwa mara ya kwanza Oulu, Ufini, mwaka 2013. Wengi wanaojaribu na kuacha huangushwa na jasho: huvaa kama mtu anayekwenda kusimama kituoni, huloa ndani ya dakika kumi na tano, kisha hutetemeka njia yote iliyobaki na kuamini kwamba walivaa kidogo mno.

Mwongozo huu ni wa msomaji ambaye tayari anajua kuendesha baiskeli, lakini hajawahi kukutana na barafu barabarani. Aliyelelewa Limuru au Makete anajua maana ya asubuhi ya baridi, na hilo ni jambo jema, ingawa baridi ya huku ni ya daraja jingine. Kwa kawaida, joto la Januari Minneapolis hushuka hadi karibu nyuzi 13 chini ya sifuri usiku na hupanda hadi karibu nyuzi 5 chini ya sifuri mchana, kwa kipimo cha Selsiasi. Kwa kuwa redio na simu za Marekani hutaja joto kwa Farenhaiti, inafaa kukariri alama chache: 32 ni sifuri ya Selsiasi, 14 ni nyuzi 10 chini ya sifuri, na 0 ni karibu nyuzi 18 chini ya sifuri. Ukifika 40 chini ya sifuri vipimo viwili hivyo hukutana, na siku hiyo hakuna haja ya kukokotoa chochote kwa sababu hutoki.

Ni lazima pia kuhesabu upepo. Mwendesha baiskeli hujitengenezea upepo wake mwenyewe hata pale hewa ilipotulia. Kwenye nyuzi 10 chini ya sifuri, mwendo wa kilomita 20 kwa saa huifanya ngozi iliyo wazi ihisi kama nyuzi 18 chini ya sifuri. Kwenye nyuzi 18 chini ya sifuri, upepo wa kilomita 24 kwa saa huishusha hali hiyo hadi karibu nyuzi 28, na katika kiwango hicho ngozi isiyofunikwa inaweza kuanza kuganda ndani ya nusu saa. Kwa hiyo, kabla ya kutoka, tazama mambo mawili: joto, na upande unakotokea upepo. Safari ya asubuhi yenye upepo wa mgongoni hudanganya, kwa kuwa jioni utarudi ukiupokea usoni.

Kuvaa kwa ajili ya dakika ya ishirini

Misuli ya mwendesha baiskeli hugeuza takribani robo tu ya nguvu inayotumia kuwa mwendo, na sehemu kubwa iliyobaki hutoka kama joto. Kutokana na hilo, mavazi yapimwe kwa hali utakayokuwa nayo baada ya dakika kumi na tano au ishirini za kupiga pedeli, na hali uliyo nayo mlangoni isikuongoze. Ukitoka nje na kusikia ubaridi mwepesi kifuani na mapajani, umevaa sawasawa. Ukitoka nje na kujisikia vizuri kabisa, rudi ndani uvue nguo moja.

Nguo inayogusa ngozi ndiyo muhimu kuliko zote, na kosa la kawaida ni kuvaa fulana ya pamba. Pamba hunyonya jasho na kulishikilia, na kwa kuwa maji hupitisha joto haraka zaidi ya hewa kwa takribani mara ishirini na tano, fulana iliyoloa hugeuka kuwa njia ya kuutolea mwili joto lake. Chagua sufu laini ya kondoo wa merino, au polista ya michezo. Sufu ina sifa mbili zinazoifanya istahili bei yake: inaweza kubeba unyevu unaokaribia theluthi ya uzito wake bila kuhisiwa kuwa imeloa, na haishiki harufu upesi, jambo ambalo wenzako ofisini watalishukuru. Polista hukauka haraka na ni rahisi, lakini harufu yake baada ya siku mbili haina mjadala.

Juu ya nguo hiyo huvaliwa sweta, la sufu au la kitambaa chepesi chenye manyoya ya bandia, na juu ya sweta huvaliwa jaketi jembamba la kuzuia upepo. Jaketi hilo lisiwe nene. Kazi yake ni kuuzuia upepo na kuuruhusu mvuke wa jasho utoke, hivyo lenye zipu kwapani au matundu mgongoni hufaa kuliko lenye kuzibwa pande zote. Koti kubwa lililojazwa manyoya ya bata, ambalo karibu kila mgeni hununua wiki ya kwanza, linafaa sana kwa kusubiri basi na halifai kabisa kwa kuendesha baiskeli, kwa maana manyoya yake yakishaloa jasho hulala na kupoteza joto. Likunje uliweke begani kwenye mkoba, ulivae utakapopata pancha na kulazimika kusimama.

Miguu, kuanzia nyonga hadi vifundo, hufanya kazi yenyewe na hivyo haihitaji nguo nyingi. Suruali ndefu ya ndani ya sufu au polista, na juu yake suruali yoyote nyepesi inayozuia upepo, hutosha kwa siku nyingi za msimu. Jinzi ni pamba, kwa hiyo ziache nyumbani. Kwa wanaume kuna jambo ambalo wauzaji wa dukani huona haya kulitaja: upepo hupenya sehemu za mbele za suruali, na maumivu yake baada ya nusu saa ni makali, hivyo tafuta nguo ya ndani yenye kitambaa cha kuzuia upepo upande wa mbele.

Kati ya nyuzi 5 na sifuri, fulana ya ndani na jaketi hutosha, pamoja na glovu nyepesi na kitu cha kufunika masikio. Kati ya sifuri na nyuzi 10 chini yake, ongeza sweta jembamba, suruali ya ndani na glovu za kuzuia upepo. Kuanzia nyuzi 10 hadi 18 chini ya sifuri, kiwiliwili kinahitaji ongezeko dogo tu, ila mikono, miguu na uso vinahitaji vifaa vya aina nyingine kabisa. Baridi ikizidi hapo, kila safari ipangwe peke yake kwa kuzingatia urefu wake na mahali ambapo unaweza kuingia kujipasha joto. Viwango hivi si sheria. Mtu mwembamba anayekwenda polepole atahitaji nguo moja zaidi ya mtu mnene anayekimbia, na baada ya wiki mbili tatu utakuwa na jedwali lako mwenyewe kichwani.

Gharama isikutishe. Mtu aliyezoea kuchambua mitumba Gikomba au Karume ana ujuzi ambao wenyeji wengi hawana, na maduka ya nguo zilizotumika ya Minnesota yamejaa sweta za sufu halisi zinazouzwa kwa bei ya chakula cha mchana. Soma kitambulisho kilichoshonwa ndani ya shingo: tafuta sufu asilimia 100, au angalau zaidi ya nusu, na uweke kando chochote kilichoandikwa pamba. Fedha unazookoa hapo zitumie kwenye glovu, viatu na tairi, kwa sababu hivyo vitatu havina njia ya mkato.

Mikono, miguu na uso

Mwili unapohisi kwamba kiwiliwili kinapoa, hupunguza damu inayokwenda kwenye vidole ili kuulinda moyo na viungo vya ndani. Hivyo vidole vinavyouma huenda vikawa dalili ya kifua kilichoachwa wazi au shingo isiyofunikwa, na tiba yake ya kwanza inaweza kuwa skafu. Hata hivyo mikono ya mwendesha baiskeli ina shida yake ya pekee, kwa kuwa imekaa mbele ikipokea upepo wote, haifanyi kazi, na imeshika chuma.

Glovu zenye vidole vitano hutosha hadi karibu nyuzi 8 chini ya sifuri. Baada ya hapo vaa glovu za mfuko, ambamo vidole vinne hukaa pamoja na kupashana joto huku gumba likiwa peke yake, au zile zilizogawanywa mara mbili kama makucha ya kaa, ambazo hukuachia nafasi ya kushika breki. Glovu zisibane, hewa iliyo ndani yake ndiyo inayohifadhi joto, na glovu inayobana huzuia pia damu. Kwa safari ndefu katika baridi ya nyuzi 15 chini ya sifuri na zaidi, hakuna kifaa kinachozidi mifuko mikubwa ya usukani, ambayo hufungwa moja kwa moja juu ya vishikio na breki, nawe ukaingiza mikono ndani yake ukiwa umevaa glovu nyepesi tu. Sura yake ni mbaya, na mtu wa duka atakuuliza kama umebeba mito, lakini inafanya kazi. Vile vipakiti vidogo vya kupasha joto vinavyouzwa kwenye maduka ya dawa hupata joto lake kutokana na unga wa chuma unaoshika kutu, na kwa kuwa kutu huhitaji hewa, ukikifungia kipakiti ndani ya glovu isiyopitisha hewa kitapoa. Kifungue dakika kumi kabla ya safari na ukikague njiani.

Kwenye miguu, kosa linalojirudia ni kuongeza soksi ya pili ndani ya kiatu kilekile. Kiatu hubana, damu hukosa njia, na vidole hupoa kuliko vingekuwa na soksi moja. Nunua buti lenye ukubwa unaozidi wa kawaida kwa namba moja, uvae soksi moja nene ya sufu, na uhakikishe kwamba vidole vinaweza kuchezacheza ndani. Viatu vya mashindano vinavyong'ang'ania pedeli kwa kipande cha chuma huvuta baridi kupitia chuma hicho hadi kwenye unyayo, kwa hiyo pedeli pana za kawaida ndizo zinazofaa msimu huu. Ikiwa huna buti la kuzuia maji, mfuko wa plastiki uliovaliwa juu ya soksi, ndani ya kiatu, utazuia upepo na maji kwa safari ya nusu saa. Huenda ikawa mara ya kwanza kwako kuukumbuka kwa wema mfuko ambao Kenya iliupiga marufuku mwaka 2017 na Tanzania mwaka 2019.

Kichwani, kofia nene ya sufu haiingii chini ya helmeti, na helmeti inayokaa juu ya kofia nene haimlindi mtu anapoanguka. Tumia kofia nyembamba inayofunika masikio, na baridi ikizidi utumie ile inayofunika kichwa, shingo na uso na kuacha macho peke yake. Matundu ya helmeti yanaweza kuzibwa kwa utepe wa gundi upande wa mbele. Mwanamke anayevaa hijabu amekwisha kupata nusu ya suluhisho, kwani hijabu ya michezo ya polista, iliyo nyembamba na inayobana kiasi, hufunika masikio, shingo na kidevu bila kuifanya helmeti ikae vibaya. Ncha zake ziingizwe ndani ya jaketi ili upepo usizipeperushe. Buibui au sketi ndefu inahitaji baiskeli yenye kifuniko kamili cha mnyororo, na ni salama zaidi ikifungwa juu ya goti na kuvaliwa juu ya suruali ya ndani. Mwenye misuko minene achague helmeti yenye kirekebishio cha nyuma na aipime akiwa na misuko hiyo kichwani.

Macho hutoa machozi katika upepo wa baridi, na machozi huganda kwenye kope. Kuanzia nyuzi 12 hivi chini ya sifuri, miwani mikubwa ya wachezaji wa theluji hufaa kuliko miwani ya kawaida, ambayo huzibwa na ukungu kila unapopumua ndani ya skafu. Ili kupunguza ukungu, acha pua nje ya skafu unapopanda mlima, na uifunike tena unaposhuka. Wenye pumu wafunike mdomo na pua wakati wote, kwa kuwa hewa baridi na kavu huweza kuamsha shambulio, na kopo la dawa ya kuvuta likae mfuko wa ndani karibu na mwili, maana likipoa sana halipulizi kipimo kamili.

Mafuta ya mgando yana sifa kubwa miongoni mwetu, na wapo wanaojipaka usoni wakiamini yatazuia ngozi isigande. Yanazuia ngozi isikauke na kupasuka, na kwa hilo yapakwe. Kuganda hayazuii, na ule uteleziteleza unaohisiwa usoni unaweza kumfanya mtu achelewe kutambua kwamba ngozi imekwisha kufa ganzi.

Baiskeli yenyewe

Adui wa baiskeli katika majira haya ni chumvi inayomwagwa barabarani. Hula mnyororo, nyaya na kila skrubu. Kwa sababu hiyo, baiskeli bora ya majira ya baridi ni ya bei nafuu na yenye vitu vichache vya kuharibika: gia moja, au gia zilizofichwa ndani ya kitovu cha gurudumu, madigadi ndefu mbele na nyuma, na kifuniko cha mnyororo. Anayekumbuka baiskeli za Phoenix za nyumbani ataona kwamba kwa madigadi na kifuniko zilikuwa zimekaribia sana. Udhaifu wa baiskeli za aina hiyo uko kwenye breki, kwani mpira unaokamata rimu ya chuma iliyoloa hukamata kwa kuchelewa mno. Breki za diski, au za ndani ya kitovu, haziathiriwi hivyo na theluji.

Tairi zenye vijino vya chuma kigumu ndizo zinazomtofautisha mtu anayeendesha siku kadhaa za msimu na anayeendesha msimu mzima. Vijino hivyo hung'ata barafu ambayo mpira mtupu hauwezi kuishika. Ikiwa fedha zinatosha tairi moja tu, ifunge mbele: gurudumu la nyuma likiteleza mara nyingi utaweza kujirekebisha, ilhali la mbele likiteleza uko chini kabla hujafikiri. Tairi mpya ziendeshwe kwanza kwenye lami kavu kwa makumi ya kilomita, bila kufunga breki kwa nguvu, ili vijino vikae imara. Upepo ujazwe karibu na kiwango cha chini kilichoandikwa ubavuni mwa tairi, na upimwe baiskeli ikiwa imepoa, kwa kuwa tairi iliyojazwa sebuleni hulegea ikifika nje. Tairi nene sana za inchi nne, ambazo kampuni ya Surly ya hapahapa Minnesota ilizifikisha kwa watu wengi kupitia baiskeli yake ya Pugsley ya mwaka 2005, zinafaa kwenye theluji laini ya porini. Mjini ni nzito na hazina faida kubwa juu ya barafu zisipokuwa na vijino.

Baiskeli ikae mahali penye baridi. Ukiiingiza kila usiku ndani ya nyumba yenye joto, unyevu hutulia ndani ya nyaya za breki na ndani ya frihwili, na asubuhi unyevu huo huganda: breki hazirudi, na pedeli huzunguka bure bila kuvuta gurudumu. Banda, gereji isiyopashwa joto, au varanda yenye paa inatosha. Ikiwa huna budi kuiingiza ndani, iache ikauke kabisa kabla ya kuitoa, jambo linaloweza kuchukua usiku mzima. Mnyororo ufutwe kwa kitambaa na kutiwa mafuta mazito mara moja kwa wiki, na zaidi baada ya siku za matope ya chumvi. Betri ya baiskeli ya umeme ndiyo pekee inayostahili kulala chumbani. Baridi hupunguza umbali inaokufikisha, na kuichaji ikiwa chini ya nyuzi sifuri huiharibu. Wanaopeleka chakula kwa baiskeli hizo wapange zamu zao wakijua hivyo, na simu waiweke mfuko wa ndani, kwa kuwa nayo huzimika ghafla.

Mwezi wa Desemba jua huchomoza karibu saa mbili kasorobo asubuhi na kutua saa kumi na nusu jioni, kwa hiyo mfanyakazi wa kawaida huenda na kurudi gizani. Sheria ya Minnesota inadai taa nyeupe mbele, inayoonekana kutoka umbali wa futi 500, yaani takribani mita 150, pamoja na kiakisi chekundu nyuma. Kiakisi peke yake hakitoshi. Weka taa nyekundu mbili, moja kwenye fremu na moja kwenye helmeti au mkoba, na uifute ya chini kila unapofika, kwa maana matope huifunika bila wewe kujua.

Barabarani

Siku ya baridi kali iliyo kavu mara nyingi ni salama kuliko siku yenye joto linalozunguka sifuri. Theluji ya nyuzi 15 chini ya sifuri ni kavu, hulia chini ya tairi na hushika vizuri. Karibu na sifuri, theluji huyeyuka mchana na kuganda usiku, na asubuhi barabara hufunikwa na barafu nyembamba isiyoonekana, ambayo ukipita juu yake utadhani ni lami iliyoloa. Usiitegemee chumvi pia: chini ya nyuzi 9 hivi chini ya sifuri nguvu yake ya kuyeyusha hupungua sana, na barabara iliyonyunyiziwa inaweza kubaki na barafu kwa siku kadhaa.

Juu ya barafu, weka gia nyepesi, kaa kwenye tandiko ili uzito ulemee gurudumu la nyuma, na uache usukani uende moja kwa moja. Usipinde, usifunge breki ya mbele, na usiongeze nguvu ghafla. Punguza mwendo kabla ya kona, ukiwa bado kwenye lami. Ukikutana na michirizi iliyoachwa na magari kisha ikaganda, fuata mchirizi mmoja mpaka mwisho. Kujaribu kuuvuka kwa pembe ndogo ndiko kunakowaangusha wengi. Vifuniko vya chuma, reli na madaraja huganda kabla ya sehemu nyingine. Kushusha tandiko kwa sentimita mbili tatu hukuwezesha kuweka mguu chini haraka, na hakuna aibu kushuka na kusukuma.

Katika Minneapolis, njia inayofaa kuanzia ni Midtown Greenway, yenye urefu wa karibu kilomita 9 kati ya upande wa maziwa na upande wa mto Mississippi. Ilijengwa juu ya njia ya zamani ya reli, na kwa sehemu kubwa imezama chini ya usawa wa mitaa, hivyo hupata kinga ya upepo na haikatizwi na magari kila baada ya mtaa. Husafishwa theluji mapema, wakati mwingine kabla ya mitaa ya makazi. Pale inapopanda Daraja la Martin Olav Sabo, lililofunguliwa mwaka 2007 juu ya barabara ya Hiawatha, upepo hukupokea bila kizuizi na uso wa daraja huwahi kuganda, basi jifunge shingo kabla hujafika hapo.

Mitaani hali ni nyingine. Theluji nyingi ikianguka, jiji hutangaza dharura ya theluji na kusafisha barabara kwa awamu za siku tatu, kuanzia zile kuu, na magari ya kusafisha husukumia theluji ukingoni, mahali hasa palipochorwa njia ya baiskeli. Katika siku hizo una haki ya kuendesha katikati ya njia ya magari, na ni salama kuliko kujibana kwenye kingo za barafu ambako ukiteleza utaangukia upande wa gari. Kama barabara hiyo ina magari ya kasi, chagua mtaa wa pili wake. Mabasi ya Metro Transit yana chanja ya kubebea baiskeli mbele, na safari iliyoanza kwa baiskeli inaweza kumalizika kwa basi.

Dalili za hatari

Vitabu vingi vya huduma ya kwanza husema kwamba ngozi inayoanza kuganda huwa nyekundu, kisha nyeupe. Kwenye ngozi nyeusi wekundu huo hauonekani kwa urahisi, na weupe huweza kuonekana kama kijivu au rangi iliyofifia tu. Tegemea kugusa na kuhisi: maumivu yanayochoma ambayo yanakoma ghafla bila kupashwa joto, ganzi, na ngozi iliyo ngumu au yenye kuteleza kama nta. Maumivu yanapokoma namna hiyo, ingia ndani mara moja. Usisugue, usipake theluji, wala usisogeze mkono karibu na jiko au moto, kwa kuwa kidole chenye ganzi huungua bila kuhisi. Kiweke kwenye maji ya joto la nyuzi 37 hadi 39, yaani vuguvugu kwa kiwiko, na ikiwa malengelenge yanatokea au hisia hazirudi nenda hospitali. Kama bado uko njiani na sehemu hiyo inaweza kuganda tena, ni afadhali usiipashe joto mpaka ufike.

Kutetemeka kusikozuilika, ulimi mzito, na mikono inayoshindwa kufungua zipu ni dalili kwamba mwili mzima unapoteza joto, na mtu huyo asiachwe aendelee hata akisema yu mzima. Mwingize ndani, mvue nguo zilizoloa, mfunike, na upige 911, namba ya dharura, ikiwa maneno yake hayaeleweki au ameacha kutetemeka akiwa bado baridi.

Zipo pia siku za kuacha baiskeli. Tarehe 30 Januari 2019 joto la Minneapolis lilishuka hadi karibu nyuzi 33 chini ya sifuri, bila kuhesabu upepo, na hata posta ilisitisha kusambaza barua. Waendesha baiskeli wachache walitoka siku hiyo kwa ajili ya kuonyesha kwamba inawezekana. Kwa mtu anayekwenda kazini tu, mpaka wa nyuzi 25 chini ya sifuri, au chini kidogo ikiwa safari haizidi dakika ishirini, unatosha kabisa.

Ukifika, vua glovu na uzigeuze nje ndani, ondoa soli za buti, na utandaze kila kitu karibu na chanzo cha joto lakini si juu yake. Weka fulana kavu ya akiba na jozi ya soksi kwenye droo ya kazini, kwa sababu safari ya jioni huanza na nguo utakazokuwa nazo saa kumi na moja. Na usifanye haraka kuvua tairi zenye vijino mwezi wa Machi unapoona lami: katikati ya Aprili 2018 jiji hili lilipata theluji ya takribani sentimita 40 katika siku tatu. Subiri hadi mwishoni mwa Aprili, kisha uoshe baiskeli yote kwa maji mengi ya kuondoa chumvi, upime mnyororo, na umpelekee fundi nyaya za breki azibadilishe zote kwa pamoja.